Togwa, tangawizi na maganda ya nanasi: nilichojifunza kuchachusha vinywaji kwenye joto la Tanga

Mtu yeyote akikwambia weka siku tano ndo unywe, muulize kwanza anaishi wapi. Mi naishi Tanga mjini, Makorora, nyumba ya bati, na kaskazi ikishaanza kuvuma huku mwezi wa kwanza wa pili jikoni kwangu saa nane mchana hata kukaa hukai, halafu mtu yuko zake nchi ya baridi huko anakwambia kwenye video acha chupa mezani siku tano mpaka saba. Siku saba kwa Tanga hii ushapata siki, au ushapata pombe, au chupa ishapasuka. Nimekuwa nikichachusha vinywaji nyumbani tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe na kama kuna kitu nakishikilia ni hichi, kwamba kwenye hii kazi saa ya ukutani haikusaidii, kinachokusaidia ni pua yako, ulimi wako na kujua leo kuna joto kiasi gani.

Ninaposema vinywaji vya kuchachusha nasema hivi vinavyochachuka vyenyewe, hutii hamira ya pakiti wala unga wowote wa dukani. Vidudu vya kufanya kazi vipo tayari, vipo kwenye kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa na kusagwa, kwenye ganda la tangawizi, kwenye ganda la nanasi, wewe unavipa sukari na maji na unavifunika. Na viko vya aina mbili, ukivijua hivi viwili mambo mengi yanaeleweka. Kuna bakteria wa asidi ya laktiki, hawa ndo wale wale wa maziwa mgando, wanakula sukari wanatoa uchachu, na ule uchachu ndo unaozuia vidudu vibaya visiote. Halafu kuna hamira za asili, hizi zinakula sukari zinatoa gesi na kilevi. Kinywaji kizuri cha nyumbani ni kile ambacho wale wa uchachu wamefanya kazi yao vizuri na hawa wa gesi umewakatisha mapema.

Nianze na togwa, yaani uji uliolainishwa kwa kimea ukachachuka, maana ndo mama wa vyote. Togwa nimefundishwa na mama mkwe, yeye ni wa Songea na Wangoni togwa wanaijua haswa. Mi nimekulia pwani, kwetu ilikuwa maji ya dafu na juisi ya ukwaju, togwa nilikuwa naionea kwa wauzaji wa vidumu tu na sikuwahi kuwaza inatengenezwaje. Alipokuja kunitunza kwenye uzazi akaangalia uji niliokuwa nakunywa akasema, "Mwanangu, uji huu una maji mengi kuliko chakula, kesho nitafutie ulezi." Nikamtuma mtu Mgandini sokoni akaleta kilo mbili, na mama akaanza na kimea.

Kimea kinataka usafi na subira basi. Ulezi unauchagua mawe, unauosha, unauloweka usiku kucha, asubuhi unamwaga maji unautandaza kwenye gunia safi lililoloweshwa unafunika, halafu unanyunyizia maji asubuhi na jioni usikauke. Kwa joto letu siku ya pili hivi utaona vimkia vyeupe, na vikishafika urefu wa punje au kuzidi kidogo inatosha, usisubiri vigeuke majani. Anika juani mpaka ukauke kabisa kabisa, sugua kwenye ungo vimizizi vidondoke, pepeta, saga. Ukisaga unga wake unanukia utamu fulani hivi wa nafaka, ukinusa harufu ya uvundo au ukiona ukungu popote mwaga, usisikitike. Watu wengine wanatumia kimea cha mtama na kinafanya kazi, ila mche wa mtama unapoota una kitu ndani yake kinachozaa sianidi, kwahiyo lazima miche itolewe yote vizuri, na mimi mwenye watoto wadogo ndani nimeona nibaki na ulezi.

Sasa uji. Mama anapika mzito karibu na ugali, unga wa dona, na anauacha uive kweli siyo uchemke tu. Anaepua, anauacha upoe, na kipimo chake ni kidole, anachovya kidole anahesabu taratibu mpaka kumi, akivumilia bila kukichomoa ndo anatia kimea. Ukitia uji ukiwa bado wa moto sana unaviua vimeng'enya vya kwenye kimea, vile vinavyovunja wanga, na uji utabaki mzito vile vile mpaka asubuhi. Ukitia ushapoa kabisa vinafanya kazi kivivu. Hapo katikati ndo penyewe.

Na hapa ndo pananifurahishaga mpaka leo. Unatia kimea, vijiko vichache tu vya chakula kwenye sufuria nzima, unaanza kukoroga. Mwanzoni mwiko hauendi, uji umeushikilia, mkono unauma, unakoroga tu. Halafu unahisi mwiko umekuwa mwepesi. Uji uliokuwa umesimama unaanza kuteleza pembeni ya sufuria, ukiinua mwiko unadondoka utepe, dakika chache mbele utepe unakuwa matone, na baada ya kama robo saa ni maji maji ya kuchota na kikombe wakati hujaongeza hata tone la maji. Onja sasa, ni mtamu na sukari hujatia. Wanga umegeuka sukari mbele ya macho yako. Kwa mtoto au mzazi hiyo maana yake unga mwingi unaingia tumboni kwa kikombe kile kile, na ndo maana Taasisi ya Chakula na Lishe imekuwa ikihimiza unga wa kimea kwenye uji wa watoto tangu miaka ya 1980.

Ule utamu ndo chakula cha wale bakteria. Unatia kikombe cha togwa ya jana kama unayo, kama huna kimea chenyewe kinatosha kuanzisha ila kitachukua muda zaidi, unahamishia kwenye ndoo safi yenye mfuniko, unaacha. Usiachie kwenye sufuria ya alumini, uchachu unakula alumini na togwa inakuwa na ladha ya chuma, tumia ndoo ya plastiki ya chakula au mtungi wa udongo au sufuria ya stili. Kaskazi mimi naweka baada ya magharibi na alfajiri iko tayari. Kusi ikivuma, mwezi wa sita wa saba, asubuhi ukionja bado uji, unaiacha mpaka mchana. Inayofaa ina uchachu unaokusisimua kidogo kwenye mashavu na utamu bado upo nyuma yake. Utamu ukiisha kabisa na ukianza kuona vipovu vinapanda vyenyewe ndo ile zamu ya hamira imeshaingia, hiyo watoto hawapewi.

Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Tanzania miaka ya 1990, watoto wadogo waliokuwa wanakunywa uji wa kuchachushwa walikutwa na vijidudu vya kuharisha vichache kwenye choo chao kuliko wale wa uji wa kawaida. Kwa mama anayelea kwenye joto hili ambapo uji wa asubuhi jioni ushaharibika hilo siyo jambo dogo. Ila niseme na upande wa pili maana naona watu wanaisifia togwa kupita kiasi, uchachu hauponyi mahindi yaliyooza. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haiishi kwa kupikwa na kuchachusha hakuiondoi yote, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye hiyo sumu. Punje yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyonyauka, itoe kabla haijaenda mashineni, usiseme si nachachusha itakufa huko huko. Na mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, togwa isubiri.

Tangawizi ndo iliyoniingiza kwenye vinywaji vya gesi. Watoto walikuwa wananisumbua soda kila siku nikaona kwanini tusitengeneze wenyewe. Tangawizi nanunua Mgandini, nyingi inatoka Same na huku milimani kwetu, na hapa la muhimu ni usimenye. Ganda ndo lina vidudu, ukimenya umetupa wafanyakazi. Suuza udongo tu, twanga kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu, chukua kijiko kimoja cha chakula na kijiko kimoja cha sukari tia kwenye chombo cha kioo chenye kama nusu lita ya maji, funika kwa kitambaa. Kesho yake ongeza kijiko na kijiko, kesho kutwa tena, na kila siku koroga mara mbili tatu, hiyo ndo chachu yako.

Maji ni suala. Maji ya bomba Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, yanatiwa dawa na lazima yatiwe, lakini klorini haichagui kidudu kizuri na kibaya, na watu wengi wanaolalamika chachu yao haiamki shida iko hapo. Chemsha, acha yapoe na yakae wazi, au kama huchemshi basi chota jioni yalale kwenye ndoo wazi usiku kucha ndo uyatumie. Mi nachemsha maana ni kinywaji cha watoto.

Kaskazi chachu inaanza kuchangamka siku ya pili jioni au ya tatu, ukikoroga povu linapanda, ukisogeza sikio unasikia kamlio kadogo ka gesi. Kusi inaweza kuvuka siku ya tano. Harufu iwe ya tangawizi na uchachu wa mbali na kauchachu ka mkate mbichi, ikinuka yai viza anza upya. Ikishakuwa tayari unachuja maji yake, robo kikombe kwa lita moja ya kinywaji chochote kitamu kilichopoa kabisa. Mi napenda ukwaju, nachemsha ukwaju na sukari na tangawizi nyingine nachuja napooza. Choya nayo inatoka vizuri sana na rangi yake. Msimu wa machungwa Muheza natumia maji ya machungwa matupu, ila hiyo uwe nayo makini maana sukari ya tunda inaliwa haraka mno. Kilichobaki kwenye chombo unakiongezea maji na sukari na tangawizi na maisha yanaendelea, yangu nimeigawa kwa majirani mpaka nimesahau imefika nyumba gani.

Chupa. Hapa naomba nisikilizwe vizuri kwasababu hapa ndo watu wanaumia. Gesi isipokuwa na pa kutokea inajibana, na kioo hakikupi onyo. Jirani yangu mmoja alijaza kwenye chupa za kioo za sosi akazipanga kabatini, akaenda msibani Korogwe akalala huko, usiku moja ikapasuka ikavunja na mwenzake, vioo vikaingia mpaka kwenye ndoo ya mchele iliyokuwa wazi. Nyumba haikuwa na mtu, mchele wote ukatupwa. Wangekuwepo watoto pale jikoni sijui tungekuwa tunaongea nini.

Tumia chupa za plastiki za maji za nusu lita, safi. Jaza uache vidole vitatu juu, funga, na kila ukipita hapo minya. Mwanzo inabonyea. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, haibonyei tena, gesi imetosha, peleka kwenye friji muda huo huo siyo baadae. Kaskazi nikijaza asubuhi jioni zishakuwa ngumu, na machungwa hata jioni hayafiki. Na friji haiiui chachu inailaza tu, kwahiyo umeme ukikatika usiku mzima ujue zinaamka, asubuhi kitu cha kwanza nenda ukafungue vifuniko kidogo zipumue halafu funga tena. Huku kwetu umeme unavyokwenda na kurudi mi sitengenezi chupa nyingi, natengeneza za kunywa siku mbili tatu basi. Ukifungua fungua juu ya beseni, zungusha kifuniko kidogo, acha gesi itoke, funga, rudia, usifungue kwa mara moja.

Nanasi nimelijulia Bagamoyo kwa dada yangu. Kule mananasi ya Kiwangwa yakiwa msimu ni ya kumwaga, wauza juisi wanajaza viroba vya maganda wanatupa, na dada akawa anasema hivi kweli hii harufu yote inatupwa. Wameksiko wana kinywaji chao cha maganda ya nanasi kinaitwa tepache, ni kile kile nachofanya ila wao wana sukari yao ya miwa isiyosafishwa na sisi tuna sukari guru, na sukari guru kwa hii kazi inashinda sukari nyeupe mbali, inaleta rangi na ladha ya mbali ya moshi. Maganda ya nanasi moja lililoiva na ule moyo wake mgumu, lita mbili za maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari guru kama gramu 200, kijiti cha mdalasini na karafuu tatu nne. Nanasi suuza tu kabla hujamenya, usisugue na sabuni. Weka kwenye ndoo ndogo, kandamiza maganda kwa sahani yazame yote, maana ganda linaloelea juu ya maji ndo linaota ukungu, funika kitambaa funga na uzi.

Uzi ni kwa ajili ya vile vinzi vidogo vya matunda. Vikiingia vinaleta bakteria wa siki, na hao wakishapata hewa na kilevi kidogo wanageuza kila kitu siki. Kaskazi nachuja baada ya siku moja, siku moja na nusu ikizidi sana. Utakuta povu jeupe juu, lienguliwe tu. Kuna wakati juu kunakuwa na utando mweupe mwembamba umelala tambarare una mikunjo, huo unaondoa, onja, kama ladha iko sawa endelea. Ila ukiona kitu chenye manyoya, kijani au cheusi au chochote chenye vinyweleo, mwaga chote na ndoo uchemshie maji, usichote kile cha juu ukanywa cha chini. Na kama umechelewa na imekuwa kali mdomoni usimwage, iache kwenye chombo cha mdomo mpana na kitambaa chake wiki kadhaa, inakuwa siki nzuri kweli, mi siki ya kachumbari na achari ya embe sinunui tena.

Sasa lile swali. Huku pwani huwezi kuweka ndoo inatoa mapovu jikoni watu wasiulize, na ni haki yao waulize. Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, mtu wa msikitini sana, alikuja kunitembelea nikamuamkia nikamkaribisha togwa, akaishika ile bilauri akainusa akaniambia, "Mwanangu, hii hailewi?"

"Hailewi ami, nimeiweka jana magharibi."

"Na kesho?"

"Kesho itakuwa siyo ya kunywa, ami. Ikibaki naitia kwenye ndoo mpya iwe chachu, au namwaga."

Akanywa. Halafu akanieleza kuhusu nabidhi, kwamba ipo hadithi ya Ibn Abbas kuwa Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akilowekewa zabibu kwenye maji akinywa siku hiyo na ya pili na ya tatu mpaka jioni, kikibaki kitu baada ya hapo hakinywi tena. Mimi si mwanachuoni na kwenye hili kila mtu amuulize shehe wake, ila maneno ya ami nimeyashika kwasababu yanalingana kabisa na ninachokiona jikoni, kinywaji ni kile kile, kinachotofautisha ni muda. Na kwa joto hili mi hata hizo siku tatu sifiki. Ukweli ni kwamba chochote chenye hamira za asili kina chembe ya kilevi, hata mkate una chembe, hata ndizi iliyoiva ikapitiliza, na jikoni huna kipimo cha kukwambia imefika ngapi. Kwahiyo kwa nyumba isiyotaka kilevi ushauri wangu baki na togwa ya usiku mmoja ambayo kazi kubwa ni ya bakteria wa uchachu, na hivi vya gesi kama unavitaka weka sukari kidogo, muda mfupi, friji mapema, na mgeni mwambie kabla hajanywa ni kitu gani, asije akajua baadae.

Wazee wetu wa pwani hii walikuwa wanaijua hii habari kwa tembo la mnazi. Bibi mzaa mama alikuwa Pangani na alikuwa anatuambia mgema akiteremka asubuhi na kibuyu lile tembo ni tamu, jua likipanda limeshakuwa na gesi, jioni linalewesha, na likiachwa siku zikapita ni siki ya kupikia. Hakuna anayetia kitu, vidudu vinaingia kutoka kwenye hewa na kwenye kibuyu chenyewe tangu likiwa bado linadondoka juu mnazini. Yeye hakuwa anakunywa lakini siki yake alikuwa anainunua, na alikuwa anaijua saa ya kwenda.

Kitu kinachonikera ni watu kuingiza hamira ya pakiti ili wauze haraka. Hamira ya mkate imetengenezwa kwa kazi moja, kula sukari itoe gesi, inakwenda mbio hata wale bakteria wa uchachu hawapati nafasi, mwisho unapata kitu kina mapovu, hakina uchachu wa kukilinda, kinanuka mkate na kilevi kimepanda haraka, halafu kinauzwa kwenye kidumu juani mtoto wa shule ananunua. Kama unataka kuuza fanya ya kweli, na nenda TBS, Shirika la Viwango, wao ndo wanasimamia usalama wa chakula tangu 2019, uliza kinachotakiwa kabla hujachapa lebo.

Naulizwa pia kombucha, ile ya chai. Naijua, nimewahi kuwa nayo, inataka mama yake yule wa utando na kwa joto hili inawahi kuwa siki, kwa bei ya sukari na muda wake sijaona inanipa kitu ambacho tangawizi hainipi. Mwenye kuipenda aendelee nayo.

Ukisafiri chachu ya tangawizi ilishe, funika, weka friji, wiki nzima inakaa, ukirudi itoe mwaga nusu ilishe siku moja mbili itaamka. Kimea kikavu kikae kwenye chupa iliyofungwa vizuri isiyoingia unyevu, masika huku unyevu unaingia kila mahali.

Na kwa ndugu zangu wa Lushoto mnaoniandikia kwamba yenu haichachuki, saa zangu msizifuate hata kidogo. Kule mwezi wa saba usiku ni baridi, togwa ifungeni blanketi ndoo nzima iwekeni karibu na jiko lililokuwa na moto jioni, mtie na kikombe kizima cha togwa ya zamani siyo kidogo, muanze kuonja saa sita mchana siyo alfajiri. Chachu ya tangawizi ipeni wiki. Chupa minyeni kila asubuhi, itafika tu.